Mtu Aliyetembea Mpaka kwa Niaba Yangu

Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, na sasa sitaki kujua. Wengine walisema Samia, huku kwetu Kenya, wengine walisema ng'ambo, upande wa Uganda, naye alikubali kila jibu kulingana na aliyekuwa mbele yake. Sote tulimwita Wakala. Hata mke wake alimwita hivyo, akitokea mlangoni na ungo mkononi: "Wakala, kuna watu wako hapa."

Nilimchukia, na bado namchukia ingawa amekufa zamani. Ninalisema mapema ili anayesoma ajue maneno haya yanatoka wapi. Na nilimchagua mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Kazi yake ilikuwa hii. Miaka ile ya sitini wengi wetu wa Busia tulifanya kazi Uganda, wengine viwandani, wengine kwenye reli, wengine kwenye miwa. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba, mbele kidogo ya Tororo. Mshahara ulikuwa kule, lakini ardhi tuliyoitaka ilikuwa huku. Habari zilikuwa zimeenea kwamba wapimaji wa serikali wanakuja, kwamba kila shamba litaandikwa jina la mwenyewe, na atakayekuwa hana kitu siku hiyo ataomba kwa wenzake mpaka kufa. Kila mtu alitaka kununua, na kila mtu alikuwa kazini. Basi ulikwenda kwa Wakala. Mliandikiana hati ya uwakala, ambayo sisi tuliita pawa: karatasi inayompa mtu mwingine nguvu ya kutafuta, kununua na kutia sahihi badala yako. Ikigongwa muhuri, ulirudi kazini ukalala usingizi mzuri.

"Wewe kaa kazini," alituambia sote, kwa maneno yaleyale. "Mimi ni miguu yako tu."

Miguu yenyewe aliitunza. Alivaa viatu vya raba vyeupe, na kila jioni alivipaka chaki. Nimemwona akirudi kutoka Budalang'i wakati wa mafuriko, baiskeli imejaa tope mpaka kwenye usukani, viatu vyeupe vimening'inia shingoni kwa kamba zake, na yeye pekupeku. Aliingia Busia, akaosha miguu kwenye pipa la mwenye duka la vitambaa, akavaa viatu, kisha ndipo akasalimia watu. Hakutaka kusalimia akiwa mchafu.

Ofisi yake ilikuwa kiti kimoja kwenye veranda ya duka hilo. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mnene, mcheshi, aliyependa kuuza kanga kwa maneno mengi kuliko kitambaa chenyewe. Hakumtoza Wakala kodi, kwa sababu wateja wa Wakala walisubiri, na anayesubiri hununua. Siku za treni Wakala alihamia Malaba, akasimama kwenye jukwaa la stesheni akiwa na mkoba wake wa turubai, akiwaamkia wanaoshuka kwa lugha zao. Kwa Mteso alikuwa Mteso. Waganda waliopita na mizigo ya ndizi aliwapigia magoti nusu, kama wanavyofanya kwao, nao walicheka wakampa mkono.

Alikuwa na tabia ya kula karanga za kukaanga, zilizo na maganda. Akija nyumbani kwako alikula karanga zake mwenyewe, na kila ganda alilirudisha mfukoni. Mama yangu alimsifu kwa hilo. "Mtu ambaye hawezi kuchafua uwanja wa mwenziwe," alisema, "huyo amelelewa." Nimelifikiria ganda hilo miaka mingi. Asingeliacha ganda katika uwanja wako, lakini uwanja wenyewe angeuchukua.

Sipendi kusema mema yake, lakini yapo, na nikiyaficha nitakuwa nafanya kazi kama yake. Msibani alikuwa wa kwanza kushika jembe. Mara moja mke wa jirani yake alishikwa na uchungu, na mumewe alikuwa amelewa. Wakala alimpakia yule mama kwenye baiskeli, akaikokota mpaka akapata lori, akamfikisha kwa masista wa hospitali ya Nangina, na mtoto akapona. Hakulewa. Hakupiga mtu. Ng'ombe wa mtu akipotea na kuingia kwake, alimfunga na kumlisha mpaka mwenyewe aje, akakataa hata asante.

Na hakusema uongo. Hilo ndilo lililotushinda. Alipenda mahakama jinsi wengine wanavyopenda mpira. Siku asizokuwa na kesi alikwenda kusikiliza za wengine, akakaa nyuma, viatu vyeupe vimewekwa sambamba, akitikisa kichwa shahidi akiropoka. Alitufundisha sote, bila malipo: "Jibu ulichoulizwa. Ukiongeza neno, hilo ndilo litakalokuangusha." Sikujua kwamba alikuwa ananifundisha jinsi atakavyonishinda.

Sasa nieleze kuhusu dada yangu, kwa sababu shamba lilikuwa lake.

Nabwire aliolewa Budalang'i. Mto ulipofurika ulichukua nyumba, na mwaka uliofuata homa ilimchukua mumewe. Ndugu za mume walimwambia wazi kwamba hakuzaa mtoto wa kiume, basi hawaoni anakaa kwa sababu gani. Akarudi kwetu na mkeka na sufuria. Kwetu napo hapakuwa pake. Baba alikuwa amekufa, shamba letu lilikuwa dogo, na kaka zetu wakubwa walikwishaligawa kwa macho. Nabwire akaanza kununua samaki wa kukausha ziwani na kuwauza Funyula na Busia. Aliuza mpaka nywele zake zikanuka samaki, na kila alichopata alinipa mimi nimwekee.

"Kaka," aliniambia, "mimi sitaki shamba kubwa. Nataka mahali ambapo nikifa nitazikwa bila mtu kuombwa ruhusa."

Nikaweka changu juu ya chake, nikamwendea Wakala, nikampa pawa na fedha zote. Kwenye karatasi hiyo jina lilikuwa langu. Niliona hivyo ni rahisi. Wapimaji wakija nitalifuta, nitaandika la Nabwire. Na karatasi haikusema shamba gani. Ilisema "shamba lolote litakalofaa." Niliisoma mwenyewe, nikiwa na elimu yangu ya sekondari, nikaona ni maneno mazuri, yana nafasi.

Wakala alipata shamba Namboboto, kwenye mteremko, chini yake kijito kisichokauka. Nabwire alikwenda kuliona, akarudi akiwa na udongo kwenye kitambaa. Akaunusisha kila mtu nyumbani.

Kwetu, miaka ile, karatasi haikununua shamba. Shamba lilinunuliwa kwa miguu. Siku ikipangwa, muuzaji hutangulia akifuata mpaka, mnunuzi humfuata nyuma, na majirani wa pande zote wanatembea pamoja nao wakitazama. Kila kona mnunuzi huinama akapanda mche wa mkonge kwa mkono wake. Mkizunguka mpaka mlipoanzia, mbuzi huchinjwa, na muuzaji na mnunuzi hula ini la mbuzi huyo kutoka sahani moja. Baada ya hapo hakuna jirani atakayekana. Ukimwuliza miaka ishirini baadaye shamba hili ni la nani, hatakumbuka karatasi, atamkumbuka aliyeinama.

Nabwire alijua hivyo kuliko mimi. Nilikuja nyumbani Jumapili moja kabla ya siku hiyo, akanifuata nje nikiosha baiskeli.

"Kaka, mpaka nitembee mimi."

"Wewe?"

"Si mimi nitalima? Wacha majirani wanione."

Nikacheka. "Nabwire, mwanamke atembee mpaka na wazee? Watasema kwetu wanaume wamekwisha."

"Basi njoo wewe."

"Kazi hainiruhusu. Wakala atatembea, ndiyo kazi tuliyompa. Wewe siku hiyo uwe jikoni. Wazee watakula nini?"

Akachukua kitambaa akaanza kufuta gurudumu la nyuma, ambalo nilikuwa nimekwisha kulifuta.

"Haya," akasema. "Nitapika."

Kazi ingeniruhusu. Nilikuwa na likizo, niliomba na nikapewa, nikaenda Kampala na rafiki zangu kutazama mpira. Timu yetu ilifungwa. Siku ile ile, kwenye mteremko wa Namboboto, Wakala alivua viatu vyake vyeupe, akamfuata muuzaji, akapanda mikonge aliyoibeba kwenye kikapu cha baiskeli, na hakutaja jina la mtu yeyote. Nabwire alikuwa kwenye moshi, akigeuza nyama. Yeye ndiye aliyewapelekea ini kwenye sahani.

Akajenga kibanda pale. Akapanda mihogo, mtama, na migomba miwili kando ya kijito. Wakala alipita mara kwa mara kumwamkia, akala karanga zake, akaondoka na maganda. Nabwire alinitumia salamu: "Mwambie kaka migomba imeshika." Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa misimu kadhaa, mpaka wapimaji walipofika wakiwa na minyororo yao ya kupimia, wakauliza mteremko ule ni wa nani, na majirani wote kwa mdomo mmoja wakasema: wa Wakala.

Nilikuja mbio. Nilimkuta kwenye kiti chake cha veranda.

"Wakala, wamekosea. Twende ukawaambie."

"Wamekosea nini, kijana wangu?"

"Wameandika jina lako."

"Jina langu si kosa," akasema. Akanisogezea karanga. "Kula. Umetoka mbali."

Wazee wa kamati ya mipaka walituamulia vibaya. Nikaenda mahakamani Busia. Muuzaji alikuwa amekwisha hamia ng'ambo kwa mwanawe, hakuonekana. Karatasi ya mauzo ilikuwa na jina la Wakala peke yake, bila neno la kusema ananunua kwa niaba ya mtu. Nami nilikuwa na pawa yangu, nikaiinua juu kama bendera.

Hakimu akamwita jirani mmoja, mzee wa heshima ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

"Siku ya mpaka, nani alitembea nyuma ya muuzaji?"

"Wakala."

"Alisema anamnunulia mtu mwingine?"

"Hakusema. Na sisi hatukumuuliza. Mtu akiinama akapanda mkonge kwa mkono wake, mheshimiwa, utamuuliza wa nini?"

"Na huyu mama unamfahamu?"

Mzee akageuka, akamtazama Nabwire kwa upole. "Huyu alipika. Alipika vizuri sana. Tulidhani ni mke mdogo wa Wakala."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hilo ndilo lililomuumiza. Nabwire akajifunika leso vizuri, akatoka nje, na hakurudi ndani tena siku ile.

Wakala alipopewa nafasi alisimama, mikono nyuma. "Mheshimiwa, pawa ya kijana huyu ninayo. Sikatai. Inaniambia nimtafutie shamba, lakini haisemi shamba gani. Natafuta hata sasa, sijapata la kumfaa. Hili nilinunua la kwangu. Fedha zake hizi hapa." Akatoa bahasha kwenye mkoba wa turubai, akaiweka mezani taratibu. "Ziko zote kama alivyozileta."

Hakimu akauliza mbona basi dada yangu anakaa pale.

"Alikuwa hana pa kulala. Nilimhurumia."

Hapo pia hakusema uongo. Nabwire alikuwa hana pa kulala. Labda hata alimhurumia. Lakini shamba ambalo tulipolinunua lilikuwa mteremko tu, sasa lilikuwa linapimwa, na kila aliyekuwa na haraka ya kununua angelilipia mara nyingi zaidi ya kile kilichokuwa ndani ya bahasha. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, akasema Wakala ndiye mwenye shamba, na kwamba mama aachiwe avune mihogo yake kabla ya kuondoka. Wakala akainamisha kichwa kukubali, kama mtu aliyeombwa jambo la haki.

Nilitoka na bahasha mfukoni. Nabwire alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara.

"Umeichukua?"

"Ningefanya nini? Shamba limekwenda."

"Ungeiacha pale mezani. Mtu angeuliza kwa nini imeachwa. Sasa umechukua, nani atauliza?"

Hakugusa hata senti ya fungu lake. Alivuna mihogo, akaiuza, akaenda kupanga chumba Nangina karibu na hospitali, akapikia watu waliokuja kuuguza ndugu zao. Alipika huko maisha yake yote. Alipokufa ilibidi nimwombe mtoto wa baba yetu mdogo kona ya shamba lake. Aliitoa bila kunung'unika. Lakini niliomba, mbele ya watu, na jeneza likiwa nje linasubiri jibu.

Baada ya kesi nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: niliulizia. Wengi walimsifu Wakala. Mwalimu mmoja wa Funyula alikuwa na shamba zuri alilolipata kwa mkono wa Wakala, fundi wa reli alikuwa na ploti hapo Malaba, na wote walinishangaa. "Wakala? Yule ni mtu safi!" Nikamrudia kila mmoja na swali moja: siku ya mpaka, nani wa kwenu alikuwepo? Mwalimu alisema kaka yake. Fundi alisema alikuja mwenyewe kwa treni ya usiku. Wachache walionyang'anywa kama sisi nao niliwauliza. Hawakuwa na mtu.

Kwa hiyo hakuwa mwizi wa kila mtu. Ukitokea alikuhudumia vizuri, na wewe ukawa wa kumsifu kwa wasiotokea. Nilimweleza mwenye duka la vitambaa jambo hili, nikidhani atashtuka. Alikuwa anakunja kanga.

"Wewe umegundua leo?" akasema.

"Ulijua?"

"Bwana karani, mimi nauza vitambaa. Mtu akija nampimia mbele ya macho yake. Mtu akinituma nimpimie yeye hayupo..." Akacheka, tumbo likatikisika. "Mimi pia ni binadamu."

"Na unamweka kwenye veranda yako."

"Veranda yangu. Shamba lako. Tusichanganye."

Nilimwona Wakala mara ya mwisho Malaba, mwishoni mwa miaka ile. Nilikuwa nimeacha kazi Uganda, nasubiri mzigo wa mbegu kwenye stesheni. Yeye alikuwa amekonda na amepata mvi, lakini viatu vilikuwa vyeupe vilevile. Kando yake alisimama kijana mwenye sanduku jipya la bati, shati limepigwa pasi, ana haraka. Treni ya kwenda ng'ambo ilikuwa imefika na injini ilikuwa inanywa maji.

Wakala aliniona kabla sijageuka. Akafurahi. Sisemi alijifanya, alifurahi kweli, kama mtu aliyekutana na mwenzake wa darasa.

"Karani! Mungu ni mwema. Njoo, tunahitaji shahidi." Akamwambia kijana: "Huyu ananifahamu miaka mingi. Muulize mimi ni mtu wa namna gani."

Kijana akaninyooshea karatasi. Sikuhitaji kuisoma. Niliona maneno "shamba lolote litakalofaa" na macho yakaishia hapo.

"Usitie sahihi," nikamwambia. "Huyu alichukua shamba la dada yangu."

Kijana akamtazama Wakala. Wakala hakukasirika. Alivunja karanga.

"Mlikwenda mahakamani?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Tulikwenda."

"Mahakama ilisema shamba ni la nani?"

Nikamtazama kijana. Aliwahi kunifundisha nijibu nilichoulizwa, na jibu lilikuwa moja.

"Sema tu, Karani. Ilisema la nani?"

"Lako."

"Basi," akasema, na akamgeukia kijana kwa upole. "Umesikia mwenyewe. Watu wakishindwa huwa na uchungu. Simlaumu."

Kijana alikuwa na aibu kwa ajili yangu. Niliiona. Alidhani mimi ni mmoja wa wale wanaozunguka stesheni wakiwa na kesi zao za zamani. Nikamshika mkono, nikamvuta hatua mbili tatu kando.

"Sikiliza, kijana. Mpe pawa kama lazima. Lakini siku ya mpaka awepo mtu wa kwenu, ainame, apande mkonge kwa mkono wake, na majirani wamwone. Una kaka?"

"Sina. Mimi ndiye mwanamume peke yangu."

"Rudi wewe."

"Nimeanza kazi juzi tu, kaka. Wakinikosa siku moja, wamemweka mwingine."

"Una dada?"

"Ninaye. Mkubwa wangu. Shamba hili tunanunua naye."

"Mwambie atembee yeye."

Hapo akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu ambaye hajapata hasara bado. Mlinzi wa treni alikuwa anafunga milango, na kijana akarudi mbio kwenye sanduku lake, akiniambia juu ya bega:

"Dada yangu? Siku hiyo atakuwa jikoni, kaka. Wazee watakula nini?"

Wakala alitia ganda la karanga mfukoni, akafuta vidole kwenye kitambaa, akamfungulia kalamu.